Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuutunza Ubongo

Ndugu Wanachama, wazee wenzangu,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninayo heshima kuwasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wastaafu na wazee kwa mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya Mweka Hazina, na mahudhurio yamo katika taarifa ya Katibu, hivyo sitayarudia. Nitazungumzia lile ambalo mkutano uliopita uliliweka mbele ya mengine yote, yaani kuutunza ubongo wa mwanachama anayezeeka.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kilimanjaro moja kwa moja. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana demensia, maradhi yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kupita kiasi cha uzee wa kawaida. Vijijini kwetu hali hiyo huitwa uzee tu, na inapozidi, mzee, hasa bibi, huanza kushukiwa uchawi. Hilo ni jambo la aibu, na chama hiki hakina budi kulipinga waziwazi kila linapotajwa msibani, sokoni au kwenye nyumba za ibada.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Miongoni mwake ni elimu haba ya utotoni, shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, uvutaji wa sigara, unywaji uliopindukia na upweke. Baadhi ya wanachama, hasa akina mama ambao hawakupelekwa shule, waliposikia habari ya elimu ya utotoni walikata tamaa, wakasema kwamba basi wao wamekwisha chelewa. Hawajachelewa. Ubongo wa mtu mzima huendelea kujenga miunganisho mipya kadiri unavyotumiwa, na nchi yetu iliwahi kuliamini hilo kwa vitendo mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ambapo baadhi yenu mlifundisha na wengine mlifundishwa. Jirani zetu wa Kenya nao walimwona Kimani Maruge akiandikishwa darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84.

Madarasa yetu ya mwaka huu yalikuwa ya matumizi ya simu janja, kusoma nota za kwaya, na kisomo kwa wasiojua kusoma. Kwa maoni yangu, darasa la nota ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu lilikuwa gumu. Mzee aliyecheza bao miaka 40 hucheza kwa mazoea, na ingawa bao humpatia wenzake wa kuzungumza nao, jambo ambalo ni jema, akili yake hailazimiki kutafuta njia mpya. Tusichague yale tuliyokwisha yajua kwa kuogopa kukosea mbele ya wajukuu.

Hata hivyo, masomo peke yake hayatoshi. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 kwa miaka miwili. Waliopewa kwa pamoja ushauri wa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa shinikizo la damu na maradhi mengine ya mishipa, walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kufikiri kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Matembezi yetu ya asubuhi yaendelee, na kadi za shinikizo la damu zijazwe kila mwezi. Kuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi, nadhani tunaelewana.

Tulipopungukiwa ni katika usikivu. Wako wenzetu waliokuwa mstari wa mbele katika mijadala ambao sasa hukaa nyuma kimya, kisha huacha kuja, nasi tukadhani wamechoka na chama. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi za ubongo kubahatisha maneno, na hatimaye hujitenga na mazungumzo, ambayo ndiyo shule ya kila siku. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kwa wazee waliokuwa katika hatari kubwa zaidi, vifaa vya kusaidia usikivu pamoja na ushauri vilipunguza kasi ya kudhoofika kwa akili kwa karibu nusu katika miaka mitatu, ingawa wenye afya bora zaidi hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa wengine tatizo ni nta tu, ambayo mhudumu wa afya huiondoa kwa muda mfupi. Wasijichokonoe wenyewe kwa njiti.

Kwa wenzetu ambao tayari wanasahau sana, Hai imetuonyesha njia. Huko wataalamu walijaribu vikao 14 vya kikundi, vyenye mazungumzo, nyimbo na michezo inayofahamika hapa na isiyohitaji kusoma wala kuandika, na uwezo wa washiriki wa kukumbuka na kufikiri uliboreka.

Kwa hiyo Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo matatu kwa mwaka ujao: kila mwanachama apimwe masikio na macho kabla ya mwezi wa sita, sehemu ya mfuko wa kusaidiana itumike kuchangia vifaa vya usikivu kwa wasio na uwezo, na kila mtaa uteue wanachama wawili wa kumtembelea nyumbani yeyote anayekosa mikutano miwili mfululizo. Viwango vya michango vimo katika jedwali la Mweka Hazina, na ninawaomba mvijadili kabla ya kupiga kura.