Kibali kikinyimwa, hesabu ionekane

Mhariri,

Barua nyingi za kunyima kibali cha mkutano wa hadhara zina maneno yaleyale: "kwa sababu za kiusalama". Mwombaji hajui arekebishe nini, na kesi ikifika mahakamani jaji hana cha kupima.

Sababu halali zipo, na nyingi huonekana kwa kusoma fomu na kukagua uwanja: fomu haijakamilika, kuna uongo kwenye jambo la msingi, mwingine ametangulia kuomba eneo na saa hiyohiyo, mwombaji aliwahi kuharibu mali ya mji na hajalipa, au watu watazidi uwezo wa mahali. Ujumbe wa mkutano haumo. Hofu kwamba wapinzani watafanya fujo haimo pia. Wa kudhibitiwa ni hao wenye fujo.

Kwenye uwezo wa mahali ndipo maofisa huteleza zaidi. Chukua uwanja wa mita 50 kwa 40, yaani mita za mraba 2,000. Toa jukwaa, jenereta, vyoo na njia ya ambulensi, tuseme 500, zinabaki 1,500. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo wa Uingereza unakomea watu 47 waliosimama kwa kila mita 10 za mraba, kwa hiyo eneo linabeba 7,050. Wengi huishia hapo, wakasahau mageti. Kwenye njia tambarare hupita watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana, na uwanja unatakiwa uwe mtupu ndani ya dakika nane. Mageti mawili ya mita tatu yatatoa watu 3,936 tu, na namba ndogo ndiyo inayoshika. Aliyeomba watu 5,500 hana haja ya kunyimwa: aambiwe likifunguliwa geti la tatu la upana huo, uwezo unafika 5,904.

Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya mchungaji Fred Shuttlesworth, aliyeandamana bila kibali mjini Birmingham, jimbo la Alabama. Sheria ya mji ule iliruhusu kunyima kwa ajili ya "maadili" au "ustawi", maneno yasiyo na kipimo. Mwaka 2002 mahakama hiyohiyo ilizikubali kanuni za bustani za Chicago: sababu 13 zilizoandikwa, jibu ndani ya siku 14 zinazoweza kuongezwa nyingine 14, na anayekataliwa huelezwa sababu kwa maandishi.

Jibu likichelewa hadi asubuhi ya mkutano, mwombaji amenyimwa bila barua. Kwa hiyo barua ya kukataa itaje kifungu, iambatishe hesabu, ipendekeze siku au uwanja mwingine, na ioneshe rufaa inapelekwa kwa nani. Rufaa hiyo isikilizwe kabla tarehe iliyoombwa haijapita.

Mratibu wa mikutano ya hadhara