Samaki wa maji ya baridi sio wagumu kama mlivyoandika

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu watu wetu wanaovua samaki kwenye barafu huku Kanada na kwa kweli nimefurahi, sio kila siku gazeti la Kiswahili linagusa maisha ya huku. Ila kuna sentensi moja imenikaa moyoni wiki nzima, ile inayosema samaki wa huku wameshazoea baridi na shida kwa hiyo hakuna cha kuwadhuru. Hapana jamani. Mimi nimezaliwa Ukerewe kwenye nyumba ya wavuvi na sasa naishi Thunder Bay, pembeni ya Ziwa Superior, lile ziwa kubwa la mpakani na Marekani, na hayo niliyoyaona pande zote mbili ndo yamenifanya niandike.

Kule nyumbani sato wa bwawani akifika miezi sita hivi ameshaanza kutaga. Huku kuna samaki anaitwa trauti wa ziwani, yeye baridi inamchelewesha kila kitu, miaka sita saba ndo anaanza kuzaa, na kadiri unavyopanda kaskazini wengine wanapita hata kumi, na wapo wanaoishi zaidi ya miaka 50. Anataga vuli, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, hachimbi kiota, mayai yanadondokea katikati ya mawe na yanakaa humo chini ya barafu mpaka masika. Miezi yote hiyo tope likishuka pale kwenye mawe, basi, mayai yamekosa pumzi.

Februari iliyopita mzee jirani yangu alinipeleka kuvua. Tumetoboa barafu, mshipi ukavuta, na kabla samaki hajaonekana mapovu yakaanza kutoka kwenye tundu. Mzee akaniambia huyo trauti anatoa hewa ya kwenye kibofu chake cha kuelea akipanda kutoka kilindini. Akaja, kama kilo nne hivi, mgongo una madoa meupe meupe, nikamnyanyua nipigwe picha na upepo unapiga, dakika haijaisha matamvua yameanza kushika barafu. Mzee akamchukua mkononi mwangu akamrudisha majini kichwa kwanza, hakusema kitu muda mrefu, afu akasema huyo uliyemshika inawezekana amepita miaka 15. Sijasahau.

Sasa kuna hili la kiangazi ambalo wengi hatulijui. Maji ya juu yanapata joto, trauti anapenda yawe karibu nyuzi 10 tu, kwa hiyo anashuka chini, na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki tena mpaka vuli, yani oksijeni iliyoko kule chini ni ileile iliyoachwa huko tangu masika na inabidi imtoshe msimu mzima. Kwenye maziwa madogo watu wanajenga nyumba za mapumziko, mbolea za bustani na maji ya vyoo vinatiririka ziwani, mwani unastawi, ukifa unazama, na kuoza kwake kunakula ileile oksijeni. Samaki anabanwa, juu joto, chini hakuna pumzi. Kiangazi cha 2006 huko Minnesota, ng'ambo tu ya mpaka, sisko (nao ni samaki wa baridi, ndio chakula cha trauti) walikufa kwenye maziwa mengi kwa sababu hiyohiyo.

Na wakati mwingine trauti mwenyewe haguswi, chakula chake ndo kinaisha. Hapa Ontario kuna maziwa yaliyotengwa kwa utafiti, moja linaitwa Ziwa 223, kuanzia 1976 wanasayansi akiwemo David Schindler walilitia asidi kidogokidogo makusudi ili waone mvua ya asidi, ile inayotokana na moshi wa viwanda, inafanya nini. Trauti wakubwa hawakuuawa na asidi. Walianza kufa uduvi, wakafuata visamaki vidogo, na trauti akabaki hai ndani ya ziwa lisilo na chakula, amekonda amebaki kichwa na mgongo. Ukiona picha zake roho inauma.

Ziwa Superior lenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, liliangushwa na mnyama mmoja. Lampree, yuko kama mkunga, hana taya, mdomo wa duara umejaa meno, anajibandika kwa samaki anamfyonza damu. Alipita kwenye mfereji wa Welland uliochimbwa kukwepa maporomoko ya Niagara, akaonekana Superior 1938, na mmoja anaweza kuua kilo 18 za samaki maishani mwake. Trauti hawezi kuzaa haraka kufidia hasara ya namna hiyo, miaka ya hamsini uvuvi ukaanguka. Dawa ya kuua vitoto vya lampree mitoni imeanza kutumika 1958, na imechukua mpaka 2024 ndo wakatangaza trauti amerudi vizuri sehemu kubwa ya Superior. Miaka zaidi ya sitini! Na 2020 na 2021 korona ilipopunguza kazi ya kuweka dawa lampree wakaongezeka tena.

Kwa hiyo Mhariri naomba mrekebishe ile sentensi, maana vijana wetu wanaohamia huku wanasoma gazeti lenu na wengine hata sheria za uvuvi za mkoa hawajaziona bado. Na mkiandika tena muwaambie wamtoe trauti ndoana akiwa ndani ya maji kama wanataka kumrudisha, glovu wavue walowanishe mikono kwanza ili ule ute wa ngozi yake usitoke, na wale wakubwa wawaache wakatage, wachukue mdogo mmoja wa kula, anatosha familia.

Msomaji wenu,
Thunder Bay, Ontario