Nakala mnazo, lakini mara ya mwisho mlizirejesha lini?

Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako tukufu nizungumze na ofisi zinazoweka majina yetu ndani ya kompyuta, hasa hapa Lamu, pamoja na wananchi wenzangu tunaopanga foleni kwenye milango ya ofisi hizo.

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa Kizingitini alinijia nyumbani Langoni, bahasha mkononi. Alikuwa ametoka katika ofisi ambayo sitaitaja, maana sitaki karani kijana aadhibiwe kwa kosa lisilo lake peke yake. Mwaka jana mzee huyu aliandikishwa pale, yeye na dau lake: jina, namba ya kitambulisho, picha, urefu wa chombo, aina ya nyavu. Safari hii alikwenda kuulizia shauri lake akaambiwa kompyuta ilikufa, majina yote yamekwenda nayo, aanze upya. Alete picha nyingine na nakala nyingine ya kitambulisho. Kutoka Kizingitini ni safari ya boti, na maji yakipwa si kila chombo kinapita mkondo wa Mkanda, kwa hivyo mtu husubiri maji yajae au hulala mjini kwa gharama yake. Akaniuliza, "Dada, mimi jina langu limekwenda wapi?"

Nilimwandalia chai, kisha nikaenda kuuliza. Karani alinieleza bila kuficha. Ofisi ilikuwa na laptopu moja. Nakala ilikuwepo, kwenye flashi, na flashi ilikaa ndani ya droo ya meza ileile iliyobeba laptopu. Mvua ya usiku ilipenya darini, ikailowesha laptopu, ikaingia na drooni. Flashi ikaanikwa juani siku mbili na, alhamdulillahi, ikafunguka. Akanionyesha faili lenyewe. Juu palikuwa na vichwa vya safu: Jina, Kitambulisho, Chombo, Kijiji. Chini yake hapakuwa na kitu. Aliyechukua nakala alikuwa amenakili fomu tupu, na kwa miezi saba hakuna aliyewahi kuifungua akaitazama.

Mhariri, nilishindwa kumlaumu kijana yule, na nitaeleza kwa nini.

Kwa miaka 26 nilifanya kazi Nairobi nikisimamia hifadhidata kwenye meinfremu, yaani zile kompyuta kubwa zinazobeba kazi nzito za mabenki, bima na mashirika ya ndege. Marehemu mamangu hakujua mashine yenyewe ikoje, lakini majirani wakimuuliza binti yake anafanya nini huko bara, alijibu, "Huweka amana za watu." Sijasikia maelezo yanayoifaa kazi ile kuliko hayo.

Mashine hizi si za jana. Kampuni ya IBM ilitangaza meinfremu za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya ukoo ule yaweza kutumika hata kwenye meinfremu za leo. IMS, hifadhidata iliyobuniwa kufuatilia vipuri vya safari za Apollo za kwenda mwezini, ilianza kazi mwaka 1968 na bado inatumika. Mimi nilikuwa upande wa DB2, hifadhidata nyingine ya IBM, iliyotangazwa mwaka 1983. Hiyo imejengwa juu ya fikra ya Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko Marekani, aliyeandika mwaka 1970 kwamba data ikae katika majedwali, na anayeitafuta asilazimike kujua imelala wapi ndani ya diski.

Kilichonifanya niiamini DB2 ni logi, yaani daftari lake la mabadiliko. Badiliko haliingii kwenye diski ya data kabla halijaandikwa kwenye logi: kilichokuwapo, na kilichowekwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya muamala, mashine ikiamka husoma logi, ikayatimiza yale yaliyokwisha kuthibitishwa na kuyarudisha nyuma yaliyoachwa nusu. Sisi logi tuliiweka kwenye diski mbili mbalimbali, na kila ilipojaa ilimiminwa kwenye tepu, yaani utepe wa sumaku wa kuhifadhia data.

Nilipofundishwa haya mara ya kwanza nilimkumbuka babu yangu. Alikuwa na duka hapa Langoni, akiuza pia boriti za mikoko kwa korija, na wateja wengi walichukua kwa deni. Katika daftari lake hakufuta neno. Akikosea alipiga mstari mmoja mwembamba, neno la zamani likaendelea kusomeka, kisha akaandika lililo sahihi chini yake na tarehe. Ndugu yake aliyekuwa akikaa Matondoni alikuwa na daftari la pili. Ijumaa baada ya sala alikuja nalo, wakaketi barazani, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole, deni baada ya deni, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mtoto nikingoja halua na nikiona wananichelewesha. Daftari la pili likarudi Matondoni jioni ileile. Mchwa walipolishambulia sanduku la babu, hakuna mtu aliyebishana naye kuhusu deni.

Sasa kosa langu. Usiku mmoja mwaka 1999, mwisho wa mwezi, nilikuwa zamu. Tulikuwa tunapakia data nyingi kwenye jedwali moja kubwa la malipo. Ukitaka kazi hiyo iende mbio unaweza kuiambia DB2 isiandike upakiaji huo kwenye logi. Itakubali. Lakini ikimaliza huifunga sehemu ile kwa alama iitwayo COPY PENDING: data utaisoma, ila hutaweza kuibadilisha mpaka uchukue nakala kamili. Mashine inajua kwamba kilichoingia hakipo kwenye logi, kwa hivyo inakudai nakala kabla ya kukuachia.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini usiku. Mashine za kusoma tepu zote zilikuwa na kazi nyingine, na matawi yalipaswa kufungua saa mbili na nusu asubuhi. Kuna amri ya kuiondoa alama ile bila kuchukua nakala yoyote, REPAIR yenye neno NOCOPYPEND. Nilikuwa na mamlaka ya kuiandika, nikaiandika. Mstari mmoja tu. Alama ikatoweka, kazi za usiku zikaendelea, matawi yakafungua kwa wakati, na bosi wangu akanishukuru. Nilijiambia nakala nitaichukua kesho. Kesho ikaja na mambo yake, na keshokutwa pia.

Siku ya nne diski ikafa.

Nilianza kurejesha nikiwa na imani. RECOVER, amri ya kurejesha, ikatafuta nakala ya mwisho, ikaanza kufuata historia ya jedwali, ikafika kwenye ule upakiaji usio na logi wala nakala, ikasimama. Haikuwa na njia ya kupita, nami sikuwa na tepu ya kuipa. Ikabidi turudi nyuma mpaka kabla ya upakiaji, tupakie upya kutoka faili la awali, ambalo kwa rehema ya Mungu lilikuwa bado halijafutwa, kisha tuingize kwa mkono yote yaliyobadilishwa na matawi katika siku zile. Makarani kumi na wawili waliletewa mafurushi ya vocha za karatasi. Walichapa kwa siku mbili, na mimi nikakaa nao nikizipanga. Ilikuwepo vocha moja ya mama mstaafu ambayo mahali pa sahihi palikuwa na alama ya dole gumba, wino umetapakaa kidogo upande mmoja. Malipo yake yalichelewa kwa sababu ya mstari wangu mmoja wa saa saba usiku. Ile alama ya dole naiona mpaka leo.

Niliandika ripoti na kuweka jina langu. Baada ya hapo amri ile haikuandikwa tena na mtu mmoja peke yake. Wa pili alipaswa kuidhinisha, na rekodi ya nani kafanya nini iliwekwa mahali ambapo sisi wasimamizi hatukuweza kuifikia kuibadilisha. Nilipokea hatua hiyo kwa moyo mmoja. Miaka mingi baadaye, toleo la 10 la DB2 lililotoka mwaka 2010 lilifanya iwezekane kumtenga kabisa msimamizi wa hifadhidata na msimamizi wa usalama, na nilikuwa wa kwanza kuomba nipunguziwe mamlaka. Aliyekabidhiwa mali ya watu asiwe yeye pia mwenye uwezo wa kufuta nyayo zake.

Na tulianza mazoezi ya kurejesha. Mara mbili kwa mwaka tulibeba sanduku la tepu hadi jengo jingine, kwenye mashine isiyo na chochote chetu, tukajaribu kuiamsha hifadhidata nzima kana kwamba jengo letu limeungua. Mara ya kwanza tulishindwa. Tepu moja ya katalogi, ile inayoiambia DB2 majedwali yako wapi, haikuwemo sandukuni. Orodha ilisema imo, lakini ilikuwa imebaki kwenye rafu. Wakubwa walikasirika kwamba tumepoteza wikendi. Mimi nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu tumelijua hilo jengo likiwa bado limesimama.

Ndiyo maana karani wa hapa sikumlaumu. Mimi nilikuwa na mashine ya mamilioni, mafunzo, na onyo lililoandikwa mbele ya macho yangu, na bado nililiondoa. Yeye alipewa laptopu na flashi, akaambiwa, "Weka nakala." Hakuna aliyemwambia aifungue.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuweka kila kitu mtandaoni, kwenye seva za mbali. Sipingi, nakala iliyo nje ya kisiwa ni jambo jema. Lakini Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, tuliona intaneti ya Afrika Mashariki ilivyozorota. Na fomu tupu ukiituma mbali itafika ikiwa tupu. Tusichanganye pia mambo mawili: Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa na wadukuzi, watu wengi walishindwa kupata huduma, lakini serikali ilisema data haikupotea. Mlango ulizibwa, amana ikabaki ndani. Yaliyompata mzee wa Kizingitini ni mabaya kuliko hayo, ingawa hayakutangazwa popote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu ofisi hizi pia, ndogo na kubwa. Katika hatua inazotaka mtunza data azizingatie imetaja uwezo wa kuirejesha data kwa wakati panapotokea ajali, iwe ya mashine au ya jengo. Haijasema kuwa na flashi. Imesema kurejesha.

Kwa hivyo, Mhariri, nawaomba waandishi wako, na kila mwananchi anayepewa fomu ajaze, waulize swali moja: mara ya mwisho mlirejesha nakala lini, na nani alishuhudia? Ofisi ikijibu "nakala tunazo," swali halijajibiwa.

Kwa ofisi za visiwani haya hayahitaji fedha za mfadhili. Flashi ya pili, iliyofungwa kwa neno la siri kwa sababu ndani yake mna vitambulisho vya watu, ivuke maji ikakae Mokowe au Mombasa. Siku moja kila mwezi ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kabisa, yachaguliwe majina kumi bila mpangilio, yalinganishwe na fomu za karatasi, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa kidole, na wote wawili watie sahihi kitabuni. Fomu za karatasi zisitupwe wala zisifungiwe vitafunio. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri. Katika ofisi ile niliona moja linalotumiwa na watu wanne, limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa selotepu. Nilimwomba kijana alibandue nikiwa pale pale, naye akalibandua.

Nimejitolea kwenda kumwonyesha jinsi ya kufanya, bila malipo, na amekubali. Tutaanza na orodha mpya ya wavuvi mara itakapofikisha majina hamsini.

Ile bahasha ya mzee ilikuwa na stakabadhi yake ya mwaka jana yenye muhuri na tarehe. Ofisi ilikuwa imekataa kuitazama, ikisema kwenye kompyuta hayumo. Nilimsindikiza tukarudi nayo, na mkubwa wa pale akakubali kwamba tarehe yake ya kwanza ndiyo itakayoandikwa. Kabla hajapanda boti aliniomba nimtunzie nakala. Ninayo hapa ndani ya kabati, nyingine nimempelekea binti yake Mombasa, na jana usiku nilimpigia simu binti huyo nikamwomba aitoe, anisomee namba iliyo juu yake. Akaisoma yote.

Msimamizi wa hifadhidata mstaafu,
Langoni, Lamu