Programu ituulize ikae wapi, isitujazie C kwa nguvu

Mhariri,

Naomba mniwekee hii barua manake kuna watu wanapoteza kazi zao na pesa zao kwa sababu diski ya C ya kompyuta imejaa, kitu ambacho dawa yake ipo, tena ya bure. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Majengo, na laptopu nyingi za mtumba ninazoletewa ni za aina moja: diski mbili ndani, ile SSD, diski ya kisasa ya kasi, ndogo ya giga 128 ndo C ambako Windows yenyewe inakaa, na ukiifungua Windows inakuonyesha 119 tu, halafu kuna diski ya zamani ya giga 500 ndo D na hiyo D iko tupu. C imejaa mpaka mstari umekuwa mwekundu. Mwenyewe ukimuuliza anakwambia mashine imezeeka.

Ramadhani iliyopita alikuja mama mmoja, amevuka feri kutoka Likoni, laptopu ameifunga kwa leso. Kazi yake ni kudarizi mabuibui na kanzu kwa mashine, na maua yake anayachora kwenye programu ya kompyuta. Hiyo programu ilikuwa yataka kuwekwa upya na kila akijaribu inafika katikati inakataa, nafasi haitoshi, na kazi za Idd zinamngoja. Kumbe nyuma kidogo alishapitia kwa fundi mwengine akaambiwa dawa ni kufomati, akalipa, ikafomatiwa, na michoro yote aliyokuwa ameiweka kwenye desktopu ikaenda. Miezi miwili C ikajaa tena manake kila kitu kilirudi kule kule, D hakuna aliyemwonyesha. Akanifungulia simu nione picha ya mkono mmoja wa buibui, mawaridi yamepandana kutoka kwenye pindo mpaka kiwikoni, akaniambia hili ua mwanangu sasa sijui nililianzaje. Sikuwa na la kumjibu.

Kosa la kwanza ni la wanaotengeneza programu. Zamani ukiinstoli kitu kulikuwa na ukurasa unakuuliza kikae folda gani, na bado zipo zinazouliza ila swali limefichwa nyuma ya Custom au Advanced, watu wanabonyeza Next Next tu. Lakini nyingine haziulizi kabisa, zinaingia moja kwa moja Program Files, na zile zinazojiweka bila kudai paswodi ya admini zinajificha ndani ya AppData ambako mtu wa kawaida hata hajui kama kuna folda. Hata mgeni hupiga hodi. Na kuna hili linachanganya watu sana, unachagua D vizuri na bado unaambiwa nafasi haitoshi, sababu ile instola, yaani faili la kuwekea programu, kwanza inajifungua kwenye folda ya Temp, ya mafaili ya muda, na Temp iko C. Kwa hiyo inabidi uende kwenye Environment Variables, ndo mipangilio ya Windows inayosema folda kama hiyo iko wapi, ubadilishe TEMP na TMP zote mbili zielekee folda ya D, ndo ujaribu tena.

Kwa yule mama programu haikuuliza. Nilichofanya ni hivi, na nasema wazi wazi ili mtu mwengine afanye. Ile instola ikiwa inakataa ilikuwa inaonyesha jina la folda inayoitaka ndani ya Program Files. Nikaifunga, nikafuta hiyo folda nusu nusu iliyoacha, nikatengeneza folda tupu kule D, nikafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kama admini nikaandika mklink /J, kisha njia ya C, yaani anwani nzima ya ile folda ya Program Files, ndani ya alama za kunukuu, kisha njia ya D vile vile. Lile la C linatangulia, na folda ya jina hilo isiwepo tayari. Ukiandika kwenye PowerShell, dirisha lingine la amri, itakwambia haijui hiyo amri, ni ya Command Prompt. Ikikubali inakujibu Junction created. Hapo C kuna kitu kinaonekana ni folda lakini ni mlango tu, nyumba yenyewe iko D. Nikaianzisha instola upya ikaingia mpaka mwisho, yenyewe inajua iko C na mzigo wote umelala D. Kuna instola nyingine zinaangalia herufi ya C peke yake, hizo zitakataa hata na mlango, basi itabidi upunguze C kwanza uiache iingie, halafu ufunge programu kabisa mpaka ile alama yake ndogo iliyo karibu na saa pembeni ya skrini, ukopi folda iende D, ile ya zamani uibadilishe jina, ndo utengeneze mlango. Usifute ya zamani mpaka uone programu imefunguka.

Ila msifanye hivyo kwa folda ya Windows yenyewe, wala msihamishe Program Files nzima kwa kubadilisha rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows, Microsoft wenyewe wanasema hiyo hawaiungi mkono. Wala mlango usielekee kwenye flashi, siku ukiichomoa programu haina pa kwenda.

Nyinyi vijana wetu hapa mnaoandika programu za maduka na za shule, hebu wekeni ule ukurasa wa kuuliza, ni kazi ndogo sana kwenu. Na mafundi wenzangu, kabla ya kufomati mashine ya mtu mfungulieni D aione, mumuulize kazi zake ziko wapi, mzikopi mbele yake ahesabu mafaili. Na nyinyi gazetini mkiweza kutupa hata nusu safu kwa wiki ya mambo haya kwa Kiswahili niko tayari kuandika bila malipo, manake maelezo karibu yote yako kwa Kizungu na yule mama hasomi Kizungu.

Ameanza kulichora tena lile waridi. Juzi amenitumia picha, amefika majani matatu.

Fundi wa kompyuta,
Majengo, Mombasa