Barua kwa Mwanangu Anayenunua Upinde Wake wa Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na habari kwamba umemaliza mafunzo ya mwanzo na sasa unataka kuachana na pinde za kuazima ili ununue wako mwenyewe imenifurahisha sana. Umeniuliza swali moja tu, ununue upinde gani, lakini mimi naona umeuliza mawili, kwa sababu upinde ukishanunuliwa hubaki kazi ya kuuweka sawa, na kazi hiyo wengi wanaoanza huiachia muuzaji. Kwa kuwa umechagua upinde mtupu, yaani upinde wa ncha zilizojikunja kuelekea mbele ambao hauna kilengeo, hauna fimbo za kuutuliza, wala hauna kile kibati kinacholia kukujulisha kwamba umevuta vya kutosha, swali hilo la pili ndilo zito zaidi. Vidole vyako havitakaa mahali pamoja kwenye upote. Vitashuka na kupanda kulingana na umbali wa shabaha, na kila kipimo kingine cha upinde huo lazima kipangwe kwa kulijua jambo hilo.

Acha nianze na nguvu ya kuvuta, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Nilipokuwa naanza, muuzaji mmoja aliniuzia mabawa, yaani vile vipande viwili vinavyonyumbuka juu na chini ya kishikio, ya pauni 38 akinihakikishia kwamba mwili ungeyazoea kadiri siku zinavyokwenda. Majuma mawili ya kwanza mishale ilikwenda kwa kasi hata nikajiona hodari, lakini kufikia mwezi wa pili nilikuwa navuta kwa shingo badala ya mgongo, naachia upote kabla mkono haujatulia shavuni, na bega la kulia likaanza kuniuma usiku. Ulikuwa mdogo bado, na iko asubuhi moja ambayo ulininyooshea mikono nikubebe nikashindwa kukunyanyua. Nilipumzika miezi kadhaa, kisha nikaanza upya na pauni 24, nikajifunza kwa mara ya kwanza namna ya kuvuta. Kwa hiyo nakusihi, usione haya kununua mabawa mepesi. Mtu mzima anayeanza anatosheka na pauni 20 hadi 26 vidoleni, na mabawa ni kitu cha kubadilisha baadaye bila kubadilisha upinde mzima. Kabla ya kulipa, vuta upinde huo hadi mwisho, ushikilie kwa sekunde 15, uurudishe polepole bila kuachia upote, pumzika kidogo, kisha rudia mara tano. Ikiwa mara ya tano mabega yanapanda masikioni, mabawa hayo si yako kwa sasa.

Ujue pia kwamba namba iliyoandikwa kwenye bawa si lazima iwe nguvu utakayoibeba wewe. Mabawa hupimwa upote ukiwa umevutwa inchi 28, na kila inchi moja pungufu ya hapo hupunguza takribani pauni 2. Nyoosha mikono yote miwili kwa upana, mwambie mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine, kisha gawanya kwa 2.5. Ukipata sentimita 165, mvuto wako, yaani urefu unaovuta upote, ni kama sentimita 66, ambazo ni inchi 26, na bawa lililoandikwa 28 litakupa karibu pauni 24 tu. Hesabu hii ni ya kukisia. Kipimo cha kweli hupatikana kwa kuvuta upinde mwepesi wenye mshale mrefu ulioandikwa inchi, huku mwenzako akisoma.

Kuhusu urefu wa upinde, majedwali mengi yatakuelekeza kwenye inchi 66 kwa mvuto kama huo. Mimi ningekushauri uchukue 68. Anayeshusha vidole kwenye upote hulazimisha upinde uvutike kwa namna isiyo sawa, bawa la chini likibeba mzigo zaidi ya lile la juu, na upinde mrefu huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, tena haubani vidole. Inchi hizo 68 zinapatikana kwa kiwiliwili, yaani sehemu ya katikati yenye kishikio, cha inchi 25 na mabawa ya urefu wa kati, au kwa kiwiliwili cha inchi 23 na mabawa marefu, ingawa kiwiliwili kifupi huongeza takribani pauni 2 juu ya namba iliyoandikwa.

Kiwiliwili ndicho kitu cha kutumia fedha zako, kwa kuwa utakaa nacho miaka mingi. Tafuta cha chuma chepesi cha alumini kinachopokea mabawa kwa mfumo wa kimataifa unaojulikana kwa herufi ILF, ambao viwanda vingi wanaufuata, ili mwakani ukitaka mabawa ya pauni 30 uyachukue popote na yaingie bila shida. Mfumo huo una boliti zinazokuwezesha kuongeza au kupunguza nguvu kwa takribani asilimia 10. Pima pia uzito wake mkononi. Upinde mtupu hauna fimbo ndefu ya kuutuliza, basi utulivu wake unatokana na uzito wa kiwiliwili chenyewe na vizito vinavyofungwa sehemu yake ya chini, na ndiyo maana viwiliwili vilivyoundwa kwa mtindo huu huwa vizito kuliko vingine. Kuna kanuni moja hapa ambayo usiisahau: kwa sheria za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, upinde ukiwa umeondolewa upote lakini pamoja na vizito na vyote vilivyofungwa juu yake, lazima upite ndani ya tundu la kipenyo cha sentimita 12.2. Nimemwona mtu akigeuzwa siku ya mashindano kwa sababu ya kizito kimoja kilichozidi. Sheria hizo hizo hazikubali alama yoyote ndani ya dirisha la upinde, yaani ule uwazi juu ya kishikio unaopitia mshale, inayoweza kukusaidia kulenga, wala kitufe kwenye upote cha kugusa mdomo au pua.

Jicho nalo lina sauti katika uchaguzi huu. Fungua macho yote mawili, tazama kitu cha mbali kupitia tundu dogo ulilolifanya kwa viganja vyako, kisha vuta viganja polepole hadi usoni. Jicho litakalofikiwa na tundu hilo ndilo linaloongoza. Likiwa la kushoto, nunua upinde wa mkono wa kushoto hata kama unaandika kwa kulia, kwa kuwa bila kilengeo utakuwa unaitazama ncha ya mshale, na jicho lisiloongoza litakuonyesha ncha hiyo mahali isipokuwepo.

Sasa upinde umefika nyumbani. Ufunge upote kwa ile kamba maalumu ya kukanyaga, usiukunje kwa mguu, maana mabawa hujisokota kwa namna hiyo na bawa lililojisokota ni vigumu kurudi. Na usivute ukaachia bila mshale hata mara moja, kwa sababu nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hurudi kwenye mabawa na kuyapasua.

Pima kwanza nafasi kati ya upote na sehemu ya ndani kabisa ya kishikio. Kwa upinde wa inchi 68 anza na sentimita 21.5, piga mishale michache, ongeza nyuzi chache za msokoto kwenye upote, piga tena, ukipanda polepole hadi karibu sentimita 23. Mahali fulani katikati utasikia mlio wa upinde umepungua na mtikisiko mkononi umetulia. Hapo ndipo penyewe, na namba yake iandike. Baada ya hapo pima nafasi kutoka upote hadi kwenye shina la kila bawa. Wanaotumia kilengeo huiacha ya juu izidi ya chini kwa milimita chache, lakini kwa mtu wa kushusha vidole mimi huanza na nafasi zilizo sawa kabisa.

Kifundo cha upote, yaani pale mkia wa mshale unapokaa, kiweke juu kuliko walimu wa pinde zenye kilengeo watakavyokuambia. Kwa rula ya umbo la T iliyolala juu ya kiegemeo cha mshale, anza na milimita 12 juu ya mstari wa mraba, yaani ule unaotoka kwenye kiegemeo na kukutana na upote kwa pembe mraba. Vidole vikiwa chini sana, mshale hutoka ukiukandamiza mkia chini, na ukiweka kifundo chini zaidi ya hapo manyoya yatagonga kiegemeo na kuurusha mshale juu. Weka na kifundo cha pili chini ya mkia wa mshale, kwa kuwa bila hicho mkia huteleza kwenye upote wakati vidole viko mbali nao. Vifundo vya uzi uliofungwa kwa mkono ni bora kuliko vya shaba, maana vinasogezwa kwa kuzungushwa na havichani ngozi ya kinga ya vidole.

Nije kwenye kushusha vidole kwenyewe, ambako ndiko utamu wa mchezo huu ulipo. Vidole vitatu vyote vinakaa chini ya mshale, na kidole cha shahada kinatia nanga pembeni mwa mdomo, mahali pale pale kila siku. Kinga yako ya vidole iwe na mishono ya ukubwa mmoja na rangi moja, jambo ambalo kanuni zinaliruhusu. Gusisha ukingo wake wa juu chini ya mshale, kisha kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono huohuo telemka mshono baada ya mshono. Tuseme umefika wa saba: kandamiza ukucha kwenye upote, shusha mkono hadi ukingo wa juu wa kinga ukutane na ukucha, shika, vuta. Ncha ya mshale iweke katikati ya duara la njano lililo katikati ya shabaha, uachie. Mshale ukienda juu, ongeza mshono mmoja. Ukienda chini, punguza. Kadiri vidole vinavyokuwa mbali na mshale, ndivyo mkia wake unavyokaribia jicho na ncha yake kuelekea chini, kwa hiyo umbali mfupi unadai kushuka zaidi. Utakuta kwamba mita 18, ambazo ndizo za mashindano ya ndani kwa shabaha ya sentimita 40, zinadai kushuka sentimita kadhaa, ilhali mita 50 za mashindano ya nje, kwa shabaha ya sentimita 122, huenda zisidai kushuka hata kidogo. Kwa upinde mwepesi huenda hata ikabidi ulenge juu ya njano kwa umbali huo. Usikate tamaa kwa hilo wala usikimbilie mabawa mazito.

Mishale yenyewe nunua ya kaboni, ipimwe ugumu kwa nguvu uliyo nayo vidoleni na si kwa namba ya bawa. Kumbuka kwamba namba ya ugumu huenda kinyume: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo mshale ulivyo mgumu, basi usishangae ukipewa 900 au hata 1000. Iache iwe mirefu mwanzoni, kwa kuwa ukijifunza kuvuta vizuri mvuto wako utaongezeka, na mshale uliokatwa haurefuki. Kanuni zinaruhusu kipenyo cha hadi milimita 9.3, lakini kwa mabawa mepesi mshale mnene utakuwa mgumu mno, tena mzito.

Mwisho ni kitufe chenye springi kinachoupokea mshale ubavuni. Usikiguse mpaka makundi yako ya mishale yawe yanakaa pamoja. Ndipo upige mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya, kwa mita 18, ukiwa na kipimo chako cha kushusha vidole cha mita 18. Ile isiyo na manyoya ikitua juu ya mingine, kifundo kiko chini. Ikitua chini, kifundo kiko juu. Ikienda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, mshale unajionyesha mgumu, basi legeza springi. Ikienda kulia, kaza. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukishapata ulinganifu wa mita 18 utagundua kwamba mita 50 zimeharibika kidogo, na hilo ni la kawaida, kwa sababu vidole vikihama upinde unakuwa kana kwamba ni mwingine. Chagua umbali unaoshindania zaidi, upange upinde kwa huo.

Nakutumia pamoja na barua hii rula yangu ya umbo la T, ile ya rangi iliyofutika pembeni. Ukishapata upinde, niandikie namba nne: nafasi ya upote hadi kishikioni, nafasi ya mabawa mawili, urefu wa kifundo juu ya mraba, na idadi ya mishono ya mita 18. Nikizisoma nitajua mshale wako unaondokaje, na nitakujibu siku hiyo hiyo.

Wasalaam,
Mama yako