Mgeni wa RPG mpeni gemu anayoweza kuisoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi nina kibanda cha gemu hapa Chang'ombe, Dodoma, TV nne na mashine nne za gemu aina ya PS2 na laptopu moja ya kwangu mwenyewe, na kila shule zikifungwa mwezi wa sita wazazi wanakuja wananiuliza, kaka hakuna gemu nyingine tofauti na mpira na bunduki? Zipo, tena nyingi tu, zinaitwa RPG, kifupi cha role-playing game, na sio kwamba watu hawazipendi, shida ni kwamba anayewaonyesha anaanza na ile ngumu kuliko zote alafu mtu anakimbia harudi tena.

Kwa asiyezijua, RPG ni gemu ambayo unakuwa mtu fulani ndani ya hadithi. Unaanza huna kitu, una kisu na nguo uliyovaa, unapigana unapata pointi, levo inapanda, unanunua upanga mzuri zaidi, unakutana na watu na unaamua nani umsaidie nani umuache. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunajipikilisha nyuma ya nyumba, wewe baba mimi mama yule mgonjwa, basi ni kitu kile kile ila hapa sheria zimewekwa kwa hesabu. Mzizi wake ni mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, watu wanakaa na karatasi, penseli na dadu. Wajapani mwaka 1986 wakatoa Dragon Quest ambayo iliurahisisha mpaka mtoto akaweza, na kuanzia hapo ndio gemu nyingi za aina hii zimefuata njia yake.

Na wengi wenu mmeshaionja bila kujua. Nani hapa hajacheza San Andreas ya 2004? Mnakumbuka CJ, yule mhusika unayemchezesha, akila sana ananenepa, akienda jimu anajaa misuli, akiendesha baiskeli kila siku anazidi kuiweza? Hiyo ni RPG imeingizwa kidogo ndani ya gemu ya mtaani. Simaanishi muwape watoto San Andreas, ile ni ya watu wazima na kwangu mtoto haigusi, nasema tu kwamba ukimuelezea kijana wa Majengo au Nkuhungu kwa mfano huo anakuelewa palepale.

Sasa nije kwa mpwa wangu. Alikuja likizo kutoka Kibaigwa, yupo kidato cha kwanza, na siku ya pili tu vijana wa pale bandani wakamkalisha kwenye laptopu yangu wakamuwekea gemu moja ya mapanga yenye sifa sana mjini, picha zake kali kweli. Mimi nilikuwa nimeenda Sabasaba kununua waya. Narudi namkuta amekaa ameinama, amekufa kwa adui yule yule wa kwanza sijui mara ngapi, na watu wanne nyuma yake wanapiga kelele bonyeza hiki, ruka, kimbia, mmoja ameshika nusu ya pedi ya kuchezea. Akanipa pedi akaniambia, "Anko, hizi gemu sio zangu." Iliniuma sana, maana huyu mtoto anapenda hadithi kuliko kitu chochote, usiku anamsumbua bibi yake amsimulie mpaka bibi anasinzia katikati ya fisi na sungura. Sasa kama mtoto wa namna hiyo anaambiwa RPG sio zake, ni za nani?

Kesho yake nikafunga kibanda mapema nikampa simu yangu yenye Chrono Trigger. Hii ni gemu ya 1995, ilitengenezwa na Square ya Japani, na mchoraji wa wahusika wake ni Akira Toriyama, yule yule wa katuni za Dragon Ball, aliyefariki mwaka 2024. Siku hizi inauzwa ya kwenye simu, unalipia mara moja basi. Inaanza mama anafungua pazia anamuamsha mwanae aende kwenye maonyesho, kama vile unavyoamshwa kwenda Nanenane Nzuguni. Hakuna vita, hakuna kelele, unazunguka tu kwenye mabanda. Na pale maonyeshoni kuna chakula cha mzee mmoja kimekaa peke yake, na mpwa wangu kama mtoto yeyote akabonyeza, akakila, akacheka, akaendelea na safari. Masaa kadhaa mbele anajikuta mahakamani, anashtakiwa kwa kumteka binti wa mfalme, na ghafla wanaanza kuulizana kuhusu kile chakula. Mhariri ningekuwa na picha ya uso wake ningewatumia. "Anko waliniona!" Akakaa kimya kidogo akauliza "guilty" maana yake nini, nikamwambia una hatia, akachukua daftari la shule akaliandika. Kufika jioni lile daftari lilikuwa na maneno kama ishirini hivi, na hakuna aliyemwambia aandike.

Ndio maana nasema kitu cha kwanza cha kuangalia unapomchagulia mgeni sio picha wala umaarufu, ni kiasi cha kusoma na aina ya kiingereza chake. Mpira unacheza bila kusoma neno, RPG huwezi, na kwa kiswahili hizi kubwa hazipo. Mfano Undertale ya 2015, watu wengi mitandaoni wanaitaja kwamba ndio ya kuanzia, ni ndogo, laptopu mbovu inaibeba, na unaweza kuimaliza bila kuua hata mtu mmoja, kitu ambacho mimi nakiheshimu sana. Lakini utamu wake wote upo kwenye utani wa maneno, na mtu ambaye kiingereza bado kinamsumbua anabonyeza tu apite, anafika mwisho hajacheka hata mara moja. Hiyo mpe baadae.

Cha pili ni zamu. Kuna gemu ambazo adui hakusubiri na kuna ambazo anasubiri mpaka uamue, na mgeni apewe hizi za kusubiri, ni kama drafti ya kijiweni, mwenzako amesukuma kete sasa ni wewe, hata ukitaka kunywa kahawa kwanza kunywa. Kwenye vibanda vyenye PS2 hakuna nzuri kama Final Fantasy X ya mwaka 2001. Pembeni kwenye kioo inakuonyesha foleni ya nani anafuata kupiga, unaweza kutoa mchezaji ukaingiza mwingine katikati ya vita kama kocha anavyofanya sabu, wahusika wanaongea kwa sauti na maandishi yapo chini, na njia ni moja inakwenda mbele huwezi kupotea. Halafu shujaa wake Tidus ni mchezaji, gemu inaanza anasaini autografu za watoto akielekea uwanjani kucheza mpira wa ndani ya maji. Vijana waliozoea mpira wakiona uwanja umejaa wanavuta kiti wenyewe.

Ila hapo wenye vibanda wenzangu naomba mnisikilize, bila memori kadi, ile inayotunza pale mchezaji alipofika, msijaribu. Sisi tunauza muda, nusu saa, saa moja, na RPG inataka masaa mengi, sasa mtoto akilipa leo akafika sehemu alafu kesho anaanzishwa upya kwa sababu hakuna pa kusevu, hapo humfundishi kitu unamnyonya tu. Mimi nina memori kadi saba, nimezibandika selotepu nyeupe na kuandika majina kwa maka peni, zinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, mwenye jina lake ndio anapewa. Na huku kwetu umeme ukikatika au LUKU ikiisha haikuambii subiri nisevu. Nawafundisha ukiona sehemu ya kusevu usiipite, hata kama umesevu dakika tano nyuma.

Kuna watu wazima pia wanataka kuanza na hawataki mapanga kabisa. Dada yangu, mama yake huyo mpwa, ana mizabibu kule Hombolo, alikuja kumchukua mtoto nikamuonyesha Stardew Valley kwenye laptopu. Hii ni ya 2016, imetengenezwa na Mmarekani mmoja anaitwa Eric Barone peke yake, miaka minne na zaidi, picha yeye, muziki yeye, kila kitu yeye. Unarithi shamba la babu limejaa magugu, unalima, unavua, unaongea na majirani, siku moja ya kwenye gemu ni kama dakika 14 na ukilala inasevu yenyewe. Dada akapanda zabibu, maana zipo, unazipanda msimu wa vuli zinaiva siku ya 10 na baada ya hapo unachuma kila baada ya siku tatu, mpaka pipa la kutengenezea mvinyo lipo. Akaniambia mdogo wangu, siku 10? Sisi huku tunaisubiri miezi na miezi na ndege wanakula nusu. Lakini hakuinuka. Aliyesema anapita dakika tano basi likamuacha, akalala kwangu. Na gemu yenyewe haitaki kompyuta ya ajabu, inachukua nafasi ya MB 500 hivi.

Linganisha na Baldur's Gate 3 ya 2023 ambayo inataka GB 150, kwa bando zetu hizi! Ni kazi kubwa sana ile, sibishi, ila mgeni hapana. Skyrim ya 2011 nayo inakuachia nchi nzima uende popote, na mtu ambaye hajazoea anasimama njiapanda hajui afanye nini. Dark Souls na Elden Ring ziacheni kabisa kwa aliyekwisha komaa. Wapo watakaonijibu kwamba wao walianzia huko na wameweza, sawa, hongereni, lakini mimi nawahesabu wale walioshindwa wakaacha na hawaandiki popote. Na kama gemu ina sehemu ya kuchagua urahisi, mgeni achague rahisi na asichekwe.

Nikiwa nimetaja kucheka, msimnyang'anye pedi. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Mtu anakosea mara mbili, mwenzake anasema lete nikuvushe, anamvusha, na hadithi imeshakuwa ya mwingine. Kaa pembeni, akiuliza mjibu, asipouliza nyamaza. Mpe masaa mawili matatu ya kuhangaika mwenyewe kabla hujasema lolote.

Wazazi na nyie mkague zile za bure za kwenye simu, nyingi ndani yake kuna bahati nasibu ya kununua wahusika kwa hela halisi. Kuna mama mteja wangu aliyekuta salio lake limeisha kidogo kidogo mtoto akijaribu bahati. Bora ulipie mara moja ijulikane.

Mwenye kompyuta aliyeshavuka hatua ya kwanza namuomba pia aitafute Aurion: Legacy of the Kori-Odan ya 2016, imetengenezwa na Kiro'o Games wa Yaoundé, Cameroon. Mfalme kijana Enzo anapinduliwa, anazunguka na mke wake Erine kutafuta nguvu za mababu. Mapigano yake yana kasi ndio maana siiweki ya kwanza, lakini vijana wangu walipoona mavazi na majina yale walinyamaza wote.

Ombi langu kwenu Mhariri, mnatoa kurasa tatu nne za mpira kila siku, tupeni hata robo ukurasa kwa wiki ya gemu, iandikwe kwa kiswahili na mtu anayezicheza. Hata maneno yenyewe tuyapate, maana sasa hivi kila kibanda kina ya kwake.

Mpwa wangu alimaliza Chrono Trigger siku nne kabla ya kurudi Kibaigwa, akaanza Final Fantasy X, hajafika mbali. Kadi yake ipo kwenye kopo, na ameniachia maagizo hakuna kuigusa mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma