Risala ya Waliowahi Kulazwa Wodi ya Upasuaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi,
Muuguzi Mkuu pamoja na wauguzi wa zamu zote, hata walioko wodini saa hii kwa kuwa ugonjwa hauna sikukuu,
Ndugu wagonjwa na ndugu mnaowauguza,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Sisi ni watu tuliowahi kulazwa katika wodi ya upasuaji. Hatukuwa tukijuana; vitanda vilivyopakana ndivyo vilivyotukutanisha, na tuliporuhusiwa tukaendelea kujuliana hali mpaka tukawa kikundi. Kila wiki wawili wetu huja wodini saa ya kutazama wagonjwa, wakaketi na yule ambaye hakuna aliyekuja kumwona. Hiyo ndiyo kazi yetu, hatuna nyingine.

Leo ni tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, na ndiyo maana dunia huwakumbuka wauguzi siku hii. Wenzangu wamenituma nisome risala hii na wakaniruhusu nieleze yaliyonipata mimi, maana kila mmoja wao angeeleza ya kwake na yangekaribiana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nililetwa hapa na kidole tumbo kilichokwisha kupasuka. Nilitokea kituo kingine ambacho sitakitaja, nilikokesha juu ya benchi la korido. Sikunyimwa tiba. Nilitundikiwa dripu, nikachomwa sindano, nikatolewa damu ya kupima. Lakini tangu naingia hadi natoka, hakuna aliyenitajia jina lake wala aliyeniambia anataka kunifanyia nini. Mkono ulivutwa tu, kisha nikasikia chomo. Mmoja alinifunua tumbo mbele za wapita njia, akabonyeza, akamwambia mwenzake, "Huyu wa upasuaji," akaenda zake. Nilikuwa macho, nikasikia. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa wawili, nasi tulijaa korido nzima. Ila usiku ule nilianza kujiona mimi ni tumbo lenye ugonjwa, na mwenye tumbo hayupo.

Hapa nilizinduka nikiwa nimeshapasuliwa. Kinywa kilikuwa kikavu, mpira puani, mwingine kwenye kibofu, na mshono umeanzia kitovuni kushuka chini. Ulikuwa usiku. Kitu cha kwanza kukiona ni mwanga mwekundu. Muuguzi alikuwa amewasha taa ya simu akaifunika kwa kiganja, mwanga ukawa unachujika katikati ya vidole. Hivyo aliweza kuhesabu matone ya dripu bila kunimulika usoni wala kumwamsha wa kitanda cha pili. Alipoona nimefumbua macho aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, akanitajia jina lake. Akasema, "Mimi ndiye niliye nawe mpaka asubuhi. Jina lako nimelisoma kwenye faili, lakini nyumbani wanakuitaje?" Nikamwambia. Akaliandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa kichwani pa kitanda, na zamu ya asubuhi ikalikuta pale. Tangu hapo hadi naruhusiwa sikuwahi kuitwa kitanda namba 9.

Alfajiri ikanijia haja ya kukohoa. Waliopasuliwa tumbo wanaijua hofu hiyo. Nilikizuia kikohozi kwa nguvu zangu zote, machozi yananitoka, nikiamini mshono utafumuka. Muuguzi yule hakuniambia nivumilie. Alichukua shuka, akalikunja mara nne likawa kama mto mdogo, akaliweka juu ya mshono. Akaishika mikono yangu miwili akailaza juu ya shuka, na yake akaiweka juu ya yangu. "Bana hapa. Vuta pumzi. Haya, kohoa." Nikakohoa. Iliuma, lakini sasa maumivu yalikuwa na mpaka wake, hayakunimeza. Kisha akanieleza sababu: nikiendelea kujizuia, makohozi yatakaa mapafuni na nitapata nimonia. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu ya jambo lolote tangu niugue.

Asubuhi, kabla ya kunisafisha, alivuta pazia. Likabaki upenyo wa vidole viwili. Alikuwa amekwisha kuchovya kitambaa majini. Akakirudisha kwenye beseni, akaenda kuubana upenyo ule kwa pini, ndipo akarudi. Akanifunua mkono, akauosha, akaufunika. Kisha mguu, hivyo hivyo. Kila mguso ulitanguliwa na neno: sasa nakugeuza ubavu, sasa nakaribia kidonda, mkono wangu una baridi kidogo. Mtu mzima kuoshwa na mtu mwingine ni jambo zito, Mheshimiwa. Mimi nilitoka nyuma ya pazia lile na heshima yangu yote.

Watu wengi husema huruma ni karama, mtu huzaliwa nayo au hana. Kikundi chetu hakikubali. Sisi tuliitazama ikifanywa tukiwa tumelala chali, bila la kufanya zaidi ya kutazama, na tunajua ina mbinu zake kama ilivyo kushona kidonda. Kuinama, kutaja jina, kusema kabla ya kugusa, kurudi kuubana upenyo. Inafundishika, na ingefaa ifundishwe na kupimwa pamoja na kuchoma sindano.

Yuko daktari mmoja wa Uingereza, Kate Granger, aliyekuwa akitibu wazee huku mwenyewe akiugua saratani. Alipolazwa mwaka 2013 aligundua kwamba wengi waliomjia kitandani hawakujitambulisha, na hao walikuwa watu wa taaluma yake mwenyewe. Akaanzisha kampeni ya kuwahimiza watumishi wa afya wamwanze mgonjwa kwa maneno machache tu: habari, jina langu ni fulani. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 34, na kampeni ikaenea mbali kuliko alikowahi kufika yeye. Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni vitambulisho vyenye jina kwa herufi kubwa, zinazosomeka na mtu aliyelala asiye na miwani. Vilivyopo sasa huning'inia vikageuka, ukaona mgongo wa kadi tu.

La pili ni viti. Tunaomba viti vidogo vya kukunja, kimoja kwa kila vitanda viwili, ili daktari wa raundi apate pa kukaa. Huenda likaonekana ombi dogo la kumletea mtu wa cheo chako. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya chuo kikuu huko Kansas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba daktari alipoketi hakutumia muda mrefu kuliko aliposimama, lakini wagonjwa waliona kwamba amekaa nao muda mrefu zaidi. Anayesimama huku akiutazama mlango wa wodi humfanya mgonjwa ameze swali lake. Mimi mwenyewe nilimeza mengi.

La tatu ndilo zito, na tunaomba ulibebe kama ulivyo uwezo wako. Usiku ule wa mwanga mwekundu, muuguzi yule alikuwa na msaidizi mmoja kwa wodi nzima iliyojaa. Katika siku zangu za mwisho wodini, mgonjwa wa upande wa pili alifariki saa nane za usiku. Nilimwona muuguzi akimfunika, akizungumza na ndugu zake, akiwasindikiza. Halafu akaingia stoo ya mashuka. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamwona amesimama ameegemeza paji la uso kwenye rafu, mabega yanatikisika. Alitoka amenawa uso, akaja kunipa dawa yangu kwa wakati wake, akaniuliza kama nimepata usingizi. Nikamwambia pole. Akasema asante, kama mtu ambaye hakuwa amelitegemea neno hilo.

Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston, aligunduliwa na saratani ya mapafu mwaka 1994 akiwa na miaka 40, na kabla ya kufa mwaka uliofuata aliandika jinsi utu mdogo mdogo wa waliomhudumia ulivyomfanya avumilie yasiyovumilika. Kituo kilichoanzishwa kwa jina lake kilibuni vikao ambavyo sasa hufanyika katika hospitali za nchi mbalimbali: wafanyakazi huketi pamoja na kuzungumza, si juu ya vipimo, bali juu ya yale yaliyowakaa moyoni wakiwa kazini. Tunaomba wauguzi wa hapa watengewe saa moja kwa mwezi ya namna hiyo, ihesabiwe ni saa ya kazi. Na tunaomba waongezwe, hasa zamu ya usiku. Anayetoa faraja usiku kucha hawezi kubaki na rafu ya mashuka peke yake kama mahali pa kulilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja mikono mitupu. Wanakikundi tumeshona mito midogo 40 ya kubana tumboni wakati wa kukohoa, kila mmoja una foronya mbili za kufulika, kwa sababu Muuguzi Mkuu alitukumbusha, na ni haki yake, kwamba kitu kisichofulika hakiingii wodini. Tunakuomba uikabidhi kwa niaba yetu. Aliyenikunjia shuka yumo humu ukumbini. Ameomba asitajwe jina, nasi tumeheshimu, ila amekubali kuja mbele kuipokea.

Naomba kuwasilisha.